Kisu cha mfukoni cha kazi ya mkono: uanze na kipi ukiwa Kigoma au Tabora

Mtu akitaka kununua kisu cha mfukoni mi namuuliza kwanza, utakinolea wapi? Maana huku hamna cha kutuma kisu kiwandani kikarudi kimenolewa, kwahiyo kisu ambacho huwezi kukinoa mwenyewe kwenye jiwe, na ribiti (kile kipini cha chuma kinachounga bapa na mpini) ikilegea hakuna fundi wa mtaani wa kukigusa, hata kiwe kizuri vipi hicho ni pambo la kabatini. Nimevipanga kwa kuangalia hilo zaidi kuliko urembo.

Namba moja ni cha mhunzi wa hapahapa. Najua kuna watakaocheka ila uhunzi Buha na Unyamwezi ni kazi ya zamani sana, majembe ya chuma yalikuwa yanatolewa mahari na yanauzwa mbali huko hata kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Siku hizi wengi wanafulia springi za magari, zile bamba za Land Rover na malori, na hicho ni chuma cha maana kweli, kinashika makali na hakivunjiki ovyo. Shida ni kwamba kuna wanaofulia nondo alafu wanakisugua msasa mpaka kinang'aa, unakata embe mbili tatu makali yameshaaga. Ukienda nenda na tupa ndogo, pitisha pole kwenye makali: ikiteleza chuma kimeiva, ikikwaruza na kula kirahisi basi rudisha. Na muulize kisu kikiwa cha moto anakichovya wapi. Akisema oili chafu iliyopata moto kidogo endelea kumsikiliza, maana springi ukiichovya kwenye maji ya baridi inaweza kupata ufa ambao huuoni leo. Akishachovya airudishe tena kwenye joto dogo mpaka chuma kigeuke rangi ya njano ya nyasi kavu, asipofanya hivyo kisu kinakuwa kigumu ila kikianguka tu kwenye sementi ncha imeondoka.

Wengi wao wanazoea visu vya ala, vya kukunja mpaka uagize. Agiza tu, mwambie urefu wa bapa usizidi upana wa kiganja chako na mpini awekee mninga mkavu, Tabora mninga ndo kwake. Kabla hujalipa kifungue, shika bapa utikise kushoto kulia, kikicheza agonge ribiti hapohapo ukiwa umesimama. Alafu kifunge uangalie ncha imezama yote ndani ya mpini, ikichungulia hata kidogo paja lako litakuja kukwambia.

Namba mbili Opinel ya Ufaransa, na hapa niwe mkweli, ya sasa inatoka kiwandani, sio ya kufuliwa na mtu mmoja, ila umbo ni lilelile alilobuni Joseph Opinel kule Savoie mwaka 1890 na kule kwao ni kisu cha wakulima, sio cha matajiri. Chukua namba 8, bapa lake sentimita 8.5, chepesi mpaka unasahau kama unacho. Shingoni kina pete ya chuma, iliongezwa 1955, ukiizungusha bapa linajiloki na hapo kinaizidi nusu ya visu vya kukunja vinavyouzwa sokoni. Angalia maandishi kwenye bapa: Carbone ni chuma kinachopata kutu ila kinanoleka vizuri mno, Inox hakishiki kutu kirahisi. Kama upo Kibirizi unashika migebuka na dagaa kila siku chukua Inox usijitese, kama upo Sikonge na mizinga yako ya asali chukua Carbone. Mpini ni mbao, ukilowa unavimba na kisu kinagoma kufunguka, dawa ni kugonga kitako cha mpini mezani bapa linachomoza kidogo unalivuta.

Namba tatu Okapi. Hiki kina historia inayotuhusu, Wajerumani walianza kukitengeneza 1902 kwa ajili ya makoloni yao Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo. Sasa hivi kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mbao una vinyota na mwezi wa bati, cha pete nyuma kinalia krrr kikifunguka. Chuma kinanoleka hata kwenye jiwe la mtoni, bei yake ya kawaida tu. Nimekishusha kwa sababu moja, kina jina baya, Afrika Kusini na Jamaika kimejulikana sana mikononi mwa wahuni, ukikitoa mbele ya watu kwa ule mlio wanakuangalia tofauti. Feki nazo zipo nyingi.

Higonokami ya Japani naipenda lakini sio kisu cha kwanza. Inatoka mji wa Miki, mpini ni bati lililokunjwa, hakina springi wala loki, unakishikilia kwa dole gumba kwenye kimkia cha nyuma. Makali yake balaa. Asiyekizoea atajikata, basi.

Mwisho kabisa Laguiole, na hapa ndo watu wanapoliwa hela. Kile halisi fundi mmoja anakiunga kuanzia mwanzo mpaka mwisho, springi ya mgongoni imechongwa kwa tupa na juu yake kuna nyuki (Tabora mtakipenda kwa hilo tu). Tatizo Laguiole ni kijiji cha Ufaransa, na jina la kijiji kwa miaka mingi halikulindwa, yeyote alikuwa anaweza kuligonga kwenye kisu chake, ndo maana vya bei chee vimejaa kutoka China na Pakistan. Kwenye feki nyuki mara nyingi kachomelewa au kabandikwa juu ya springi, kwenye vile vya daraja la juu nyuki na springi ni kipande kimoja. Nunua kama unakusanya, kukatia nyanya nyumbani haina haja.

Kutunza: masika ya Kigoma usikiache kisu ndani ya ala ya ngozi wiki nzima, ngozi inashika unyevu na kutu inaanzia humo. Paka nta ya nyuki kidogo kwenye bapa na mpini, mafuta ya cherehani weka kwenye ribiti tu. Mawese hapana, yananata na kukusanya vumbi. Ukikosa jiwe zuri pindua kikombe cha udongo, ule mduara wa kitako usio na rangi unanoa vizuri tu.

Na kutembea nacho: uwanja wa ndege kiweke kwenye begi la kukabidhi sio la mkononi, watakichukua na hutakiona tena. Uwanja wa Lake Tanganyika au wa Ali Hassan Mwinyi siku ya mechi kiache nyumbani, na baa vilevile.