Nimeonja mvinyo usio na kilevi: ukakasi uko wapi?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko nyumbani hapa Tanga, madirisha wazi, kwa hiyo mkisikia upepo wa bahari kwenye maiki mnivumilie.

Nina glasi mbili. Hii ni mvinyo mwekundu usio na kilevi, chupa nimeinunua shilingi 32,000. Ile nyingine nimetengeneza mwenyewe. Mnaonifuata mnajua niliacha pombe mwaka jana. Kulewa sikutamani hata kidogo, ila mezani napwaya. Umeweka changu wa kuchoma, ndimu na pilipili, halafu unashushia soda? Hapana jamani.

Chupa kwanza. Huu ulikuwa mvinyo kamili, kisha kilevi kikatolewa. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, na joto hilo lingeuivisha mvinyo ukawa kama jemu. Kwa hiyo kuna viwanda vinavyopunguza kwanza mgandamizo wa hewa ndani ya mtambo, kilevi kikatoka kwa joto la chini zaidi. Lakini kinaondoka na uzito wa kinywaji, na harufu pia.

Na wewe usiyegusa kilevi kabisa, soma lebo. Hii inasema chini ya asilimia 0.5. Hiyo si sifuri, na asili yake ni mvinyo. Mgeni wako ana haki ya kuambiwa kabla hujammiminia.

Haya, naonja... Harufu nzuri, zabibu mbivu. Mdomoni tamu. Tamu mno! Halafu maji matupu, imeshateleza. Naona pengo la kilevi wameliziba kwa sukari. Ule ukakasi unaokausha ulimi kama umekula bibo, sijaupata.

Sasa hii yangu. Rozela kavu kikombe kimoja, maji lita moja, kipande cha mdalasini, karafuu tatu. Ikichemka epua, tia vijiko viwili vya majani ya chai ya Usambara, dakika tano tu, kisha chuja. Mara ya kwanza niliyaacha kumi, ikawa chungu haikunyweka. Chai ina tanini, na tanini ndiyo inayoleta ukakasi, kama ilivyo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Sukari kijiko kimoja, friji usiku kucha.

Sogeeni muone rangi. Damu ya mzee kabisa! Naonja... uchachu wa rozela unatangulia, karafuu kwa mbali, nameza... ulimi umekauka. Umekauka! Na mkono wenyewe unarudi kwa samaki. Changu huyu nimemchukua soko la samaki la Deep Sea asubuhi, ngoja nimege. Mmh. Mafuta yote yamesafishika mdomoni.

Zabibu huzisikii humu, nisiwadanganye. Ila kwa chakula chetu cha pwani, chupa ya 32,000 sinunui tena. Wageni wangu wanafika saa saba, na jagi hili ndilo linalokwenda mezani.