Uzoefu wangu na Dawnguard: nilimponya Serana, na sitamwomba tena

Nimecheza Dawnguard, ile nyongeza ya mchezo wa video wa Skyrim iliyotoka mwaka 2012, mara tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Mapigano yake ni mazuri na ngome ya vampaya wa Volkihar inatisha inavyopaswa kutisha, lakini sivyo vilivyonikaa moyoni. Kilichonikaa ni swali moja tu, lile unaloweza kumuuliza Serana mambo yakishatulia: hujawahi kufikiria kuponywa?

Kwa ambaye hajaicheza: Serana ni vampaya, yaani mnyonya damu asiyezeeka, unayemkuta amefungiwa ndani ya nguzo ya jiwe katika pango la Dimhollow. Unaweka mkono, chuma kinakutoboa kiganja, jiwe linafunguka, naye anatoka akiwa na Elder Scroll, hati ya kale yenye unabii, mgongoni. Amelala muda mrefu kiasi kwamba anashangaa kusikia kuna himaya yenye makao Cyrodiil. Anaomba umpeleke nyumbani, na kuanzia hapo hadithi nzima inamzunguka yeye.

Wenzako wengine wa safari katika Skyrim wanabeba mizigo, wanapigana, na ukisimama wanasimama kama milingoti. Serana anaegemea ukuta, anavuta kiti akae, anaota moto. Jua likichomoza anajifunika kofia ya joho lake. Sauti yake ni ya mwigizaji Laura Bailey, na mama huyu ameifanya kazi kwa moyo. Kuna uchovu na ukali mdogo katika maneno yake ambao haukuandikwa popote kwenye skrini. Kwa hilo pekee nyongeza hii imenilipa muda wangu wote.

Sasa kwenye uponyaji. Mara ya kwanza nilikuwa upande wa Dawnguard, kundi la wawindaji wa vampaya lililoipa nyongeza jina, chini ya kiongozi wao Isran, mtu asiyetaka kusikia habari ya vampaya mwema. Nilikuwa nimemzoea Serana. Nilimhurumia kila alipojifunika kofia asubuhi, na nikajiambia kwamba rafiki wa kweli hamwachi mwenzake na ugonjwa. Harkon, baba yake Serana na bwana wa ngome ya Volkihar, alipokufa nikamuuliza Serana, nikachagua maneno ya upole, akakubali. Akaenda zake peke yake. Aliporudi macho yake hayakuwaka tena.

Nilifurahi jioni ile. Kisha tukaendelea na safari, na furaha ikaanza kupungua, kwa sababu hakuwa na mengi ya kusema juu ya jambo zito kuliko yote maishani mwake. Mchezo uliokuwa umenieleza kila kidonda chake ulinyamaza hapo hapo kilipodaiwa kupona. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa waandishi wa Dawnguard, wala silitoi kijuujuu. Walistahili kumpa angalau usiku mmoja kando ya moto wa kusema alichopoteza na alichopata.

Mara ya pili nilicheza kama vampaya, nikakubali damu ya Harkon. Huko ndiko nilikosikia vizuri zaidi yale niliyoyapita haraka mara ya kwanza. Harkon alipata nguvu zake kwa kumtolea Molag Bal, pepo mkuu aliyeanzisha uvampaya, kafara ya watu elfu moja. Mke wake Valerica na binti yao wakatolewa kwa Molag Bal huyo huyo, na Serana akiizungumzia sherehe ile unasikia aibu na maumivu, ingawa anajitahidi kuonyesha kwamba yamepita. Baadaye baba akaisoma ramli ya kulizima jua, ikahitaji damu ya binti yake. Mama, ili kuizuia, akamfungia mtoto jiweni na mwenyewe akakimbilia Soul Cairn, nchi ya roho zilizonaswa. Mmoja aliitaka damu, mwingine aliificha. Nilipofika tena kwenye lile swali nikajiona nimesimama kwenye foleni nyuma ya wazazi wake: mtu wa tatu mwenye mpango wake juu ya damu ile ile. Sikuuliza.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Uvampaya wake ulitokana na jambo ovu, na kumponya ni kumrudishia alichoporwa. Niliiamini hoja hiyo, na sehemu yake bado naiamini. Lakini tazama mchezo unavyompa nafasi ya kuamua: yeye haanzi mazungumzo hayo. Ni sisi tunaoyaanza, na jibu lake linategemea ushawishi wetu. Angekuja mwenyewe akasema amechoka na kiza, ningemsindikiza hadi mlangoni bila kusita.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likipewa uzito wake. Mchezaji mwenyewe akitaka kuponywa, huenda kwa mchawi Falion katika mji wa Morthal, naye hudai kito cheusi cha roho kilichojaa. Kito cheusi hujazwa kwa roho ya mtu. Na roho zinazotumiwa hivyo huishia Soul Cairn, nchi ile ya kijivu tuliyoipita na Serana tukimtafuta mama yake, tukiwaona waliokwama humo wakitangatanga. Mimi mwenyewe nilijiponya mwisho wa mchezo wa pili, na roho niliyoitumia ilikuwa ya jambazi ambaye hata sura yake siikumbuki. Asubuhi ile kwenye duara la mawe la Falion nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia nikiwa vampaya. Serana alipokwenda peke yake sikuonyeshwa nani alilipa. Ningependa kujua.

Kwa mtazamo wa kucheza tu, nikuonye kitu kimoja: ukishamponya hawezi tena kukupa nguvu za Vampire Lord, lile umbo la vampaya mwenye mabawa, kwa hiyo kama unazitaka, zichukue kabla. Na wale wanaotarajia kwamba akipona atakubali ndoa, hakubali. Nafurahi hakubali; kumponya mtu ili umwoe kungeharibu hata huruma iliyokuwepo.

Bado nawashauri watu waicheze Dawnguard, hasa wanaopenda mwenzi wa safari aliyeandikwa kama mtu mzima mwenye yake moyoni. Mara hii ya tatu nimeshamaliza kisa chote, na lile swali lipo pale pale kwenye orodha ya mazungumzo. Nalipita. Namuuliza mambo ya mama yake, tunatoka nje ya ngome, theluji inang'aa, naye anavuta kofia yake usoni na tunaendelea na njia.