Nta ya mimea niliyouziwa Kariakoo imeniaibisha kwa mteja

Jamani naandika nikiwa bado nina hasira. Kama unatengeneza mishumaa hapa Dar na unataka kuachana na parafini, soma hii kabla hujaenda kwa yule muuzaji wa Kariakoo anayejitangaza "asilimia mia mimea".

Parafini inatokana na mafuta ghafi, na wateja wangu wa spa na wa maharusi siku hizi wanauliza, ndo maana nikaenda kutafuta nta ya soya. Yule dada nilimwambia kwa mdomo wangu kabisa, mimi namwaga kwenye moldi, mishumaa minene ya kusimama yenyewe, siyo ya glasi. Akasema hii hii, chukua. Kumbe kanipa ile laini ya glasi, inayeyuka hata nyuzi 50 haijafika, wakati parafini niliyozoea kumwagia ni kama 60. Hata kutoka kwenye moldi ilikuwa shida maana soya hainywei sana ikipoa, inang'ang'ania.

Sasa oda ilikuwa ya harusi, ukumbi uko Sinza, nikapakia kwenye bajaji mchana ule wa jua la Dar unalolijua, foleni ya Ubungo haisogei. Tunafika, mishumaa imevimba chini, kichwa kimeinama, mmoja utambi umetokezea ubavuni! Juu ina vitone vya mafuta, ukiigusa alama ya kidole inabaki. Mama wa bibi harusi aliniangalia tu, hakusema neno. Nilitamani anitukane.

Nikarudi dukani na mmoja kwenye mfuko. Yule dada hata hakuushika, yuko na simu yake, akanijibu mbele ya watu, "Dada, Dar ni joto, unataka nikuzimie jua?" Halafu akaongezea eti kazi ya mishumaa siyo ya kila mtu. Yaani kosa lake, kejeli kwangu. Meseji zangu za WhatsApp anazisoma, kimya mpaka leo.

Ila niseme ukweli. Ile iliyobaki nimeimwaga kwenye glasi na inawaka vizuri mno, moto umetulia, glasi haina masizi, harufu ya mlangilangi imejaa sebule nzima. Kwa hiyo nta yenyewe siyo mbovu, na hilo ndo linaniuma zaidi, angeniuliza swali moja tu angeniuzia na asidi ya steariki nichanganye. Ile inayeyuka karibu nyuzi 69, inakaza mshumaa, na inapatikana kutokana na mawese. Wala siyo siri mpya, kule Ufaransa wanakemia Chevreul na Gay-Lussac walichukua hataza ya mishumaa ya hivyo mwaka 1825! Mtu unauza nta Kariakoo hujui hilo, au unajua unanyamaza?

Nilitaka kuipa nta nyota nne na duka sifuri. Lakini hapana, mfuko hauna lebo, hauna nyuzi za kuyeyukia, hujui hata kama wamechanganya mafuta ya nazi, ambayo yanayeyuka kwenye nyuzi 24 na kwa joto letu la mchana hayagandi ng'o. Nyota mbili, na hizo ni za ile glasi. Mkienda, lazimisheni aandike kwenye risiti kama ni ya glasi au ya moldi. Mimi hela yangu bado namdai.