Kaakaa lishonwe mara moja au kwa awamu mbili?

Mtoto akizaliwa na mdomo na kaakaa (paa la kinywa) vilivyopasuka, mdomo hushonwa mapema, mara nyingi akiwa na miezi 3 hadi 6. Ubishi uko kwenye kaakaa.

Likifungwa lote kabla ya miezi 18, matamshi hunufaika: "baba" haitokei puani ikasikika "mama". Lakini kovu la kaakaa gumu (sehemu ya mbele yenye mfupa) hubana ukuaji wa taya la juu. Akibalehe, katikati ya uso huweza kubonyea, meno ya chini yakayapita ya juu.

Kaakaa laini (sehemu ya nyuma) likitangulia kushonwa na gumu likasubiri, taya hupata nafasi zaidi, ila hewa na uji huendelea kupenya puani. Tena kuna safari ya pili. Kwa mama anayevuka ziwa kutoka kisiwa cha Ukerewe kuja hospitali ya Bugando, Mwanza, mtoto mgongoni, hiyo ni nzito. Huyo ningemshauri kaakaa lishonwe lote mara moja. Anayeishi Nyamanoro, humo humo Mwanza, awamu mbili azijadili na daktari.