Kava la waya kwa breki za diski: uzoefu wangu baada ya kubadilisha la nyuma

Kutoka lango la Marangu hadi Himo unashuka kutoka zaidi ya mita 1,800 hadi chini ya mita 1,000, na njiani kuna kona, mbuzi, bodaboda na watoto wanaotoka shule. Huko ndiko ninakopimia breki. Baiskeli yangu ni ya mlimani, ya mtumba, na ina breki za diski za waya aina ya Avid BB7. Nazipenda na sina mpango wa kuhamia za mafuta, kwa sababu waya unapatikana karibu kila duka la vipuri vya baiskeli na fundi yeyote anajua kuushika. Ila ya nyuma ilikuwa inanikera sana. Unavuta mkono wa breki, unavuta, unakaribia kugusa usukani, ndipo baiskeli inaanza kupunguza mwendo.

Hali kama hii ikitokea, wengi wanakimbilia kubadilisha pedi au wanailaumu kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Kabla hujatoa hela, mwombe mtu akaze breki kwa nguvu huku wewe umechuchumaa nyuma unatazama. Kwangu mimi, kile kijiti cha kalipa kinachovutwa na waya kilikuwa kimeshasimama na pedi zimeshaibana diski, lakini mkono wa breki bado ulikuwa unaendelea kwenda. Pale mbele, kava, yaani ganda la nje ambamo waya wa breki unapita, linapokunja kuingia kwenye fremu, lilikuwa linajinyoosha na kutikisika. Nguvu za vidole zilikuwa zinaishia kwenye kava.

Sababu utaiona ukilikata. Kava la kawaida la breki, lile la milimita 5, ukilimenya plastiki ya juu unakuta utepe wa chuma uliozungushwa springi, na ndani yake kimrija cha plastiki ambamo waya unapita. Waya ukivutwa, kava linasukumwa kutoka ncha zote mbili. Mizunguko ya ule utepe inasogeleana na kava linafupika kidogo. Kwenye kipande kifupi cha mbele huwezi kuhisi sana. Kwenye fremu yangu kava la nyuma linakwenda mfululizo kutoka usukani hadi kwenye kalipa, zaidi ya mita moja, na huko kidogo kidogo kinajumlishana. Kama fremu yako ina vishikio vinavyoacha waya ukiwa wazi sehemu kubwa ya njia, shida hii ni ndogo, na huenda kilichobaki hapa chini hakikuhusu.

Nilichonunua ni kava la Jagwire, aina ya KEB-SL. Lilikuja na rafiki aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya, kwani madukani nilikoulizia Moshi na Arusha walikuwa na lile la kawaida tu. Fundi wangu alipoliona na kusikia bei yake alishangaa. "Kaka, si tungeweka tu kava la gia? Nalo halifupiki." Kuhusu kufupika yuko sahihi. Kava la gia halina springi. Nyuzi zake za chuma zimelala sambamba kutoka ncha hadi ncha kama vijiti vya ufagio wa chelewa. Lakini kinachozishika zisitawanyike ni plastiki peke yake, na breki inavuta kwa nguvu kubwa kuliko gia. Plastiki ikipasuka, nyuzi zinachomoka na breki haipo tena, na itakuwa ni wakati ule ule uliokuwa umeikaza kwa sababu ya hatari. Tafadhali, usiweke kava la gia kwenye breki, hata kwa kujishikiza kufika nyumbani. Hili la Jagwire nalo lina nyuzi zilizolala sambamba, ila zimefungwa kwa Kevlar, uzi wa kiwandani wenye nguvu sana, na limetengenezwa kwa ajili ya breki. Ndiyo maana bei yake ni mara kadhaa ya lile la kawaida, na kwangu ni halali.

Kulifunga kunahitaji subira. Ni gumu, halipendi kona kali, kwa hiyo usilikate kwa urefu wa lile la zamani bila kulipima kwanza. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, na uhakikishe halivutiki wala halikunjiki kwa ghafla. Tulilikata kwa mkasi wa waya wenye makali, siyo praizi, kwa sababu praizi inaponda ncha. Baada ya kukata, kile kimrija cha ndani kinakuwa kimebanwa mdomo. Fundi aliufungua kwa ncha ya msumari, akasawazisha kwa tupa, ndipo akavalisha vikofia vya milimita 5. Waya wa ndani tuliweka mpya pia. Waya wa zamani wenye kutu ndani ya kava jipya ni kupoteza hela.

Kwenye BB7 anza na pedi ya ndani. Hiyo haisogei ukikaza breki; ya nje ndiyo inayoisukuma diski hadi iegemee ya ndani. Isogeze kwa kile kitufe chekundu cha kuzungusha mpaka ikaribie diski bila kuikwaruza, kisha ndiyo uirekebishe ya nje. Ukiiacha mbali, diski inapinda kila ukikaza, na ulaini ule ule unarudi hata kava liwe zuri namna gani.

Matokeo nimeyapenda. Mkono wa breki sasa unasimama mapema na mahali pale pale kila mara, na ninaweza kukaza kidogo kwenye kona yenye kokoto bila gurudumu kufunga ghafla. Nguvu ya kalipa yenyewe haijaongezeka. Ninachopata ni ile iliyokuwa inapotelea njiani. Kuna watu watakaoona ni ngumu mno mkononi. Masika yaliyopita tope jekundu liliingia upande wa kalipa, maana kava linashuka kuelekea huko na maji yanafuata, na mkono ukaanza kuwa mzito kurudi. Kuuchomoa waya, kuufuta na kuurudisha kulitosha.

La mbele sikuliwekea hili. Njia ni fupi, kona ni moja, na kava jipya la kawaida linafanya kazi vizuri. Hela iliyobaki nimenunulia pedi za akiba, maana mteremko wa Marangu unazila haraka.