Boott Cotton Mills Museum ya Lowell, nendeni mkazisikie hizo mashine wenyewe

Ndugu zangu kama unakaa Massachusetts au unapita Boston kusalimia watu, tafuta siku uende Lowell uingie hii Boott Cotton Mills Museum, makumbusho ya kiwanda cha zamani cha kufuma pamba. Nawapa nyota tano na sitoi hata moja. Tuko wengi huku Lowell, Wakenya hasa, na kila siku tunapita nje ya yale majengo ya matofali mekundu tukienda shifti, tunaona mnara wenye kengele, tunaona mifereji ya maji, halafu basi, tunajua tu hapa palikuwa na kiwanda. Ndani kuna habari inayotuhusu sana sisi tuliokuja kutafuta kazi.

Kuna makumbusho mengine nimeshaingia, sitayataja, mashine zimewekwa nyuma ya kamba zimelala kimya, unasoma maelezo ukutani unatoka. Hapa ukishalipa tiketi (ni dola chache tu) unaingia ghorofa ya chini unapewa vitu vya kuziba masikio, na uvivae kweli. Chumba kina mashine za kufuma 88, zimepangwa mistari mpaka mwisho wa jengo, juu kuna vyuma virefu vinazunguka na mikanda inashuka kwa kila mashine. Haziwashwi zote, ni chache tu, na hizo chache zinatosha, sakafu inatetemeka, mlio unauhisi kifuani, mwenzako akiongea unaona midomo tu inacheza. Sasa fikiria zote zinafanya kazi kwa pamoja na wewe umesimama hapo kutwa, kesho tena, keshokutwa tena. Nilisoma habari za viwanda vya Marekani shuleni na nikapasi mtihani ila hicho kitu sikuwahi kukielewa mpaka niliposimama pale.

Kuna kidude kimoja kwenye hizo mashine ambacho ndo kilinishika zaidi. Ni kipande cha mti kimechongoka pande zote mbili, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka kiganja, ndani kimebeba uzi na kazi yake ni kurushwa huku na huku katikati ya nyuzi zingine ili kitambaa kijifume. Uzi ukiisha mfumaji alikuwa anaweka mwingine halafu ili upite kwenye katundu ka pembeni anabandika mdomo pale anaunyonya utoke nje. Siku nzima hivyo, mashine hadi mashine, na kidude hicho hicho kesho kinanyonywa na mtu mwingine. Na chumba chenyewe madirisha yamefungwa kabisa na hewa inatiwa unyevu makusudi manake uzi ukikauka unakatika, vumbi la pamba linaelea kila mahali, sasa mmoja wao akiwa na kifua kikuu hesabu mwenyewe. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba walikuja kuita hilo busu la mauti, na Massachusetts ikaja kupiga marufuku 1911, wakati watu wameshanyonya nyuzi miaka na miaka.

Ukipanda juu kuna maonyesho ya historia, chukua muda usome. Kwa kifupi tajiri mmoja wa Boston anaitwa Francis Cabot Lowell alienda Uingereza kati ya 1810 na 1812, akatembelea viwanda vya nguo, Waingereza walikuwa wanalinda siri za mashine zao lakini yeye akazishika kichwani, aliporudi akatengeneza za kwake na fundi Paul Moody kule Waltham, mji mwingine wa Massachusetts. Akafa 1817 hata mji wenye jina lake haujakuwepo. Wenzake ndo wakaja hapa kwa sababu mto Merrimack unaporomoka kama mita 10 pale Pawtucket Falls na maji hayo yanazungusha kila kitu bila kuchoma kuni. 1826 ulikuwa mji wa watu kama 2,500 hivi, kufika 1850 walikuwa kama 33,000. Mashamba yaligeuka mji ndani ya miaka 24, nyumba, makanisa, maduka, msongamano, kila kitu, na maisha yote yakawa yanaendeshwa na kengele. Kuna ratiba ya kengele ya 1853, ya kwanza inalia saa kumi na nusu alfajiri na ya mchana inakupa dakika 35 za kwenda kula nyumbani na kurudi. Watu waliozoea kuamka na jua na kupumzika mvua ikinyesha ghafla wakawa na kengele inayowaambia lini wale. Hili mimi naona ndo badiliko kubwa kuliko hata mashine zenyewe.

Usiondoke bila kuvuka kwenda lile jengo la mabweni hapo hapo jirani. Wafanyakazi wa kwanza walikuwa wasichana wa mashambani wa New England, wengine hawajafika hata miaka 20, kampuni ikawajengea mabweni yenye mama msimamizi, chumba kimoja wanne mpaka wanane, kitanda kimoja wawili, saa nne usiku mlango umefungwa. Ukiona chumba chao cha kulala na masanduku yao utawahurumia, lakini pia ndo ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kushika hela ya kwao wenyewe, wakawa wanatuma nyumbani, wanasomesha kaka zao, wanaweka akiba. Saa 73 kwa wiki kwa wastani. Tunaotuma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi hapo hatuhitaji kuelezwa chochote.

Na hawakukaa kimya. 1834 kampuni zikatangaza kukata mishahara, wasichana kama 800 wakatoka nje wakaandamana, 1836 wakatoka tena wengi zaidi safari hii kwa sababu ya gharama za bweni kupanda, halafu miaka ya 1840 akaja Sarah Bagley akaongoza chama chao kudai siku ya kazi iwe masaa 10, wakakusanya sahihi, wakaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo na kumbuka hawa ni wanawake wasio na haki ya kupiga kura. Bunge likakataa. Sheria ya masaa 10 kwa wanawake na watoto ilikuja kupita 1874.

Hapo sasa ndo sehemu ya wahamiaji na kwangu mimi ndo roho ya safari nzima. Ile mifereji yenyewe ilichimbwa na Waairishi, 1822 Hugh Cummiskey aliwaongoza wenzake 30 wakatembea kwa miguu kutoka Charlestown mpaka hapa kutafuta kibarua, wakachimba wakajenga, wao wenyewe wakawa wanalala kwenye vibanda eneo linaloitwa Acre. Njaa ya viazi ya Ireland ilipokuja miaka ya 1840 wakamiminika, na kampuni zikaona kumbe hawa watafanya kazi kwa malipo ambayo wale wasichana wameanza kuyakataa, basi wakaingizwa ndani. Baadaye wakaja Wakanada wanaoongea Kifaransa, wakajazana kwenye nyumba za mbao mtaa wao wa Little Canada, halafu Wagiriki, Wapolandi, Wareno, na karibu kila kundi likiingia kundi lililotangulia linalalamika kwamba hawa wapya wanaharibu mishahara. Maneno hayo hayo mpaka leo tunayasikia kazini tukisemwa sisi. Mishahara hawakuishusha wageni, aliyeishusha ni aliyekaa ofisini akijua mgeni ana kodi ya nyumba wiki ijayo na hana pa kwenda kushtaki. Kushuka na mto huo huo wa Merrimack kidogo kuna mji wa Lawrence, kule 1912 wafanyakazi zaidi ya 20,000 wa lugha chungu nzima waligoma pamoja kipindi cha baridi kali baada ya mishahara kukatwa, na walishinda, kwa hiyo inawezekana.

Kitu kingine ambacho sikutaka kukiruka: pamba yote hii ilikuwa inatoka kusini mwa Marekani, imelimwa na kuchumwa na watumwa. Maonyesho yanalisema hilo na ni lazima lisemwe. Na kitambaa kingine kigumu cha bei rahisi kilichofumwa Lowell kilikuwa kinarudi kusini kuwavisha watumwa hao hao. Kwa hiyo yule msichana aliyesimama mchana wa 1836 anadai haki yake alikuwa ameshika mkononi jasho la mtu asiyelipwa kabisa, na baadhi yao walilijua hilo wakatia sahihi kupinga utumwa. Hata merikani, kile kitambaa cha pamba walichovaa bibi zetu zamani, ilitoka viwanda vya huku huku New England, meli za bandari ya Salem hapa Massachusetts zilikuwa zinaipeleka Zanzibar tangu miaka ya 1830. Nilikaa kwenye benchi pale uani chini ya mnara nikitafakari hilo kwa muda.

Boott yenyewe ilifungwa katikati ya miaka ya 1950, kazi zilikuwa zimeshahamia kusini kwenye mishahara ya chini zaidi, mji ukalala mpaka serikali ilipoanzisha hifadhi ya taifa hapa 1978. Siku hizi Acre utakuta Wakambodia, Walatino, na sisi.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Saa za kufungua zinabadilika kwa msimu kwa hiyo angalia kwanza kwenye tovuti ya hifadhi, na ulizia pia boti za kwenye mifereji kama zipo, hizo ni za kipindi cha joto. Watoto wachanga msiwaingize chumba cha mashine, makelele ni makubwa mno kwao, wa miaka saba nane kuendelea watapenda sana. Ongea na marenja, wafanyakazi wa hifadhi, wanajua mambo mengi kuliko yaliyoandikwa ukutani na hawachoki kuulizwa. Ukitokea Boston panda treni ya Lowell pale North Station, ni kama dakika 45, kutoka stesheni unaweza kutembea au kuchukua basi. Na dukani wanauza taulo za jikoni zilizofumwa kwenye mashine hizo hizo za chini, ni nzito na zinakausha vyombo vizuri, chukueni.