Katalitiki mbili ndani ya mwaka mmoja: uzoefu wangu na fundi wa kupima magari hapa Malindi

Gari langu ni Probox ya petroli, injini ya 1,500 cc. Alfajiri hubeba samaki kutoka Malindi hadi Kilifi, kilomita kama 60, na jioni hurudi na mizigo ya watu. Mwaka jana taa ya injini iliwaka na gari likawa zito. Nikilikuta lori la chumvi la Gongoni pale Gede, silipiti hata nikanyage mafuta mpaka chini. Gereji niliyoizoea wakasema katalitiki, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, imeziba. Nikatoa shilingi 32,000, wakafunga mpya, taa ikazimika. Miezi saba baadaye taa ile ile, uzito ule ule, na safari hii harufu ya mayai viza kila nikisimama.

Injini ikiwa nzima, katalitiki hukaa zaidi ya kilomita 150,000. Niliporudi pale kuuliza niliambiwa za siku hizi ndivyo zilivyo, tufunge nyingine. Madereva wenzangu wakanishauri nitoe masega yote ya ndani ya katalitiki, moshi upite kwenye bomba tupu. Nilikaribia kukubali, kwa uchovu tu. Ndipo jirani akanielekeza kwa kijana mwenye banda upande wa Maweni, kazi yake ni kupima magari kwa kompyuta, na huyo ndiye ninayetaka kumwelezea.

Kabla hajachomeka mashine aliniuliza, "Mamangu, ile ya kwanza ilipotolewa, walikwambia ni nini kilichoiua?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua kwamba ni swali la kuuliza.

Mashine ilitoa namba mbili za hitilafu. P0420, ambayo ndiyo gereji ya kwanza waliiona wakaishia hapo, husema tu kwamba katalitiki haisafishi moshi inavyotakiwa. Haisemi imekufa kwa sababu gani, na wakati mwingine hata haijafa: ekzosi ikivuja karibu na sensa ya oksijeni, namba hiyo hiyo yaweza kutokea. Ya pili ilikuwa P0302, yaani silinda namba 2 inamisi, haichomi petroli yake sawasawa. Aliponiuliza kama taa iliwahi kupepesa badala ya kuwaka tu, nikakumbuka. Ilipepesa mara nyingi, hasa gari likiwa limejaa samaki na barafu, kisha ikatulia nami nikaendelea na safari. Akanieleza kwamba taa inayopepesa ni gari kukuambia petroli inatoka kwenye injini bila kuungua, na katalitiki inaumia wakati huo huo unaoendesha. Hilo peke yake lingeniokolea elfu thelathini.

Ndani ya katalitiki kuna masega ya kauri, yana vitundu vidogo kama masega ya nyuki, yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake huifanya ikiwa moto, kuanzia kama nyuzi 300 hivi. Petroli mbichi ikiifikia huungulia humo humo, joto likapita nyuzi 1,000 kwa mbali, na masega yakaanza kuyeyuka na kuziba. Moshi unakosa pa kupita na gari linakosa nguvu.

Hakutaka niamini maneno yake matupu. Tuliendesha mpaka injini ikapata moto, akashikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, akanionyesha kwenye skrini sensa ya pili, ile iliyo nyuma ya katalitiki. Ilitakiwa itulie karibu na volti 0.6 au 0.7. Yangu ilikuwa ikiruka kutoka 0.1 hadi 0.8 na kurudi. Gari lilipopoa akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, akapuliza hewa na kupaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, maana kwa hewa yetu ya chumvi boliti na gasketi huliwa na kutu mapema. Hakukuwa na uvujaji. Mwisho akafungua sensa ya mbele, akaweka geji ya presha mahali pake: 5 psi, pale ambapo haitakiwi kuzidi 3. Kwa hiyo ile mpya nayo ilikuwa imeanza kuziba.

Muuaji akamtafuta kwa njia ambayo yeyote anaweza kuielewa. Alichukua koili ya silinda 2, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, akaihamishia silinda 3, na ya 3 akaileta kwenye 2. Tukazunguka tena, namba ikageuka P0303. Kumisi kumeifuata koili. Mpira wake ulikuwa na ufa ambao ukiutazama juu juu huuoni. Oili na maji ya rejeta alivikagua pia, kwa sababu injini inayokula oili huua katalitiki polepole, lakini kwangu vilikuwa salama.

Alinifungia koili nne na plagi mpya, akakataa kuniuzia katalitiki siku hiyo. Alinitaka niendeshe wiki mbili bila mzigo mkubwa, nirudi aone kama kumisi kumekwisha kabisa, ndipo tununue. Tulichukua ya Toyota yenyewe, iliyotumika, kutoka Mombasa. Zile mpya za bei ya chini, alisema, hupakwa madini kidogo mno.

Kupima alinitoza 2,000, na fedha hiyo haikatwi kwenye matengenezo. Si ghali ukilinganisha na nilichopoteza. Lakini nina malalamiko. Nilifika saa mbili asubuhi, gari likaguswa baada ya adhuhuri. Ijumaa hapatikani kwa muda wa maana. Na hakuna karatasi anayoandika. Niliyoyaeleza hapa niliyapiga picha mwenyewe kwenye skrini yake. Namwomba aanze kuwapa watu maandishi, kwa sababu anachokijua ni kikubwa na mteja anasahau. Nampa nyota nne.

Jambo jingine, katalitiki yako ya zamani ondoka nayo. Ile ya kwanza niliiacha gereji bila kufikiri, kumbe ina wanunuzi kwa ajili ya madini yaliyomo. Hii ya pili naiweka stoo, na tayari watu wawili wameshaiulizia.

Tangu hapo nimekwenda kilomita 9,000. Nimenunua kisomaji kidogo cha bluetooth ninachochomeka chini ya usukani, nasoma kwenye simu. Jana nimerudi kutoka Kilifi na mzigo kamili, nililipita lori Gede, na nilipofika nyumbani sensa ya pili ilikuwa 0.68, imetulia.